Chupa Kumi na Mbili kwenye Karatasi ya Mvua

Mwezi uliopita nilikabidhi rula ya serikali. Karani wa stoo aliigeuza mara tatu, akaona ufa mdogo karibu na inchi ya tisa, akauandika kwenye hati kwa mwandiko wa kupendeza, kisha akaniambia, "Haya mzee, nenda kapumzike." Basi napumzika. Mke wangu Mwanahawa anasema nilianza kupumzika siku ile ile nilipoajiriwa, kwa hiyo hii ni nyongeza tu.

Nyinyi mnaokaa sasa katika chumba cha ramani pale boma la Bagamoyo mliniomba niwaandikie machache juu ya kazi. Najua mnachotaka: namna ya kuuzuia wino usigande, na namna ya kumkwepa karani mkuu siku ya Jumatatu. La pili mtajifunza wenyewe. Lakini katika michoro yote niliyoichora, upo mmoja ambao hamtaukuta katika kabati lolote. Ndio uliosifiwa kuliko yote, na ndio uliompotezea mtu jina lake mjini. Huo sina budi kuueleza, maana walioujua vizuri wamekwisha kufa, isipokuwa mimi.

Nilianza kazi nikiwa na shati moja jeupe na elimu ya sekondari, nikaona vyote viwili vinatosha kumtisha mtu. Fundi wa chumba alikuwa Mzee Mwinjuma, mtu mwembamba wa Kaole aliyejifunza kuchora tangu enzi za Wajerumani, na hakutishika. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua uso, akaninyooshea wembe. Nikadhani anataka nimnyoe. Kumbe wembe ndio kifutio chetu: wino mweusi ukishakauka hautoki ila kwa kukwanguliwa taratibu kwa pembe ya wembe, mpaka karatasi ibaki nyeupe na nzima.

"Ukifuta bila kutoboa, nitakupa kalamu," akasema. "Ukitoboa, utarudi kwenu."

Nilitoboa mara mbili kabla ya adhuhuri. Hakunirudisha. Alisema kwetu ni karibu mno, haitakuwa adhabu.

Kalamu ya kupigia mistari ina midomo miwili ya chuma na skrubu ndogo ya kuibana. Msiichovye winoni, itieni wino kwa kijiti, kidogo kidogo, katikati ya midomo. Wino ukiwa mzito tieni tone la maji ya mvua, si la kisima, kwa sababu visima vyetu vya hapa mjini vina chumvi na chumvi huila midomo ya kalamu. Chini ya kifundo cha mkono wekeni kitambaa, hasa wakati wa kaskazi, la sivyo jasho litachora lake. Hayo yote alinifundisha Mzee Mwinjuma, pamoja na matusi mawili matatu ya Kijerumani ambayo sijapata kujua maana yake.

Kazi iliyonipa sifa ilikuwa mvua. Kila kituo wilayani kilikuwa na kipimo cha mvua, bomba la bati lililosimama wima uwanjani, na kila mwisho wa mwezi tarishi alileta hesabu: Miono inchi kadhaa, Lugoba inchi kadhaa. Mimi nilizigeuza kuwa mistari kwenye karatasi ya miraba, mwezi baada ya mwezi, mpaka mtu akiangalia ukuta anaona mwaka mzima umepita mbele yake. Bomba lile lilikuwa limenyooka, inchi ya chini sawa na inchi ya juu. Miaka mingi nilichora mvua ya Miono bila kukanyaga Miono. Mimi ni mtu wa nyumbani. Safari ninayoipenda ni kutoka ukumbini kwenda barazani, na hiyo pia nikikuta kahawa iko tayari ukumbini, naiahirisha.

Baada ya vita vya pili akaja Bwana Mkubwa mmoja, kijana kiasi, hana mke, msafi kupita kiasi. Siku ya kwanza alisimama mbele ya mistari yangu ya mvua akakaa kimya muda mrefu, mpaka Mzee Mwinjuma akaninong'oneza, "Ama ameipenda, ama amekufa wima." Alikuwa ameipenda. Wiki chache baadaye akaniita.

"Athumani, unaweza kunichorea kabati langu kama unavyochora mvua?"

"Naweza, Bwana," nikasema. Nilidhani ni kabati la nguo.

Lilikuwa kabati la vinywaji. Kila Jumamosi jioni mabwana wenzake walikuja barazani kwake kunywa kokteli, yaani pombe hii ichanganywe na ile, itiwe ndimu, itikiswe katika kopo la chuma pamoja na barafu ya jokofu lake la mafuta ya taa. Chupa zilitoka Dar es Salaam kwa lori, na masika yakiingia lori lilikwama njiani siku nyingi. Mara moja wageni wamekwisha kuketi, ikaonekana kitu fulani kimekwisha, na kokteli nne kati ya tano hazikuwezekana. Bwana aliaibika kama mwenye harusi aliyepungukiwa na wali. Sasa alitaka karatasi ukutani, itakayomwambia kwa jicho moja ana nini, anaweza kuchanganya nini, na lini aagize.

Nyumbani Mwanahawa akaniuliza kazi mpya ni ipi. "Bwana ameniongezea mvua," nikamwambia. Msikitini nao wakauliza, nikawaambia hivyo hivyo. Mtu mwenye kilemba cha Ijumaa anayechora pombe si habari ya kutangaza. Uongo mdogo, nikauona hauna madhara. Nikauzoea kama kiatu.

Aliyenifundisha kabati lile ni Mzee Shomari, boi wa mezani wa Bwana. Boi ndilo jina la kazi. Mwenyewe alikuwa na wajukuu. Mtaani kwetu Dunda tulikuwa majirani, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mchana na jioni alivaa kanzu nyeupe na mshipi mwekundu akahudumia meza, na kila Mfungo Sita alisoma maulidi kwa sauti iliyowafanya watu waache kutafuna halua. Msikitini mahali pake palikuwa safu ya mbele, na hakuna aliyepakalia hata akichelewa. Watu walijua kazi yake. Walijua pia kwamba tone halijapita midomoni mwake, na hilo ndilo lililomweka pale mbele.

"Mzee wangu," nilimwuliza siku ya kwanza, nimesimama mbali na kabati kama mtu aliyeonyeshwa chatu, "utajuaje kuwa imekolea bila kuonja?"

"Nasikiliza kopo," akasema. "Barafu ikiwa nzima inagonga. Ikianza kulainika inanong'ona. Hapo namimina."

"Na ladha?"

"Ladha naiona usoni mwao. Miaka yote hii, Athumani, nimesoma nyuso kuliko ulivyosoma wewe vitabu. Sogea basi, chupa haziumi."

Sikusogea. Alizitoa yeye moja moja, kumi na mbili, akazipanga mezani akanitajia: jini, wiski, brandi, ramu, divai chungu mbili za Kitaliano, na kadhalika mpaka kichupa kimoja kidogo cha machungu, kinachotiwa tone kwa tone kama dawa ya macho.

Mchoro wa kwanza ulikuwa jedwali. Bwana akasema hiyo ni orodha ya sokoni, mtu hawezi kuisoma akiwa na glasi mkononi. Wa pili nilizichora chupa zenyewe kwa rangi, nikazipenda sana. Mzee Shomari akacheka mpaka akashika nguzo. "Hapa umefungua duka! Umekosa kuandika tu hakuna mkopo." Usiku nililala mapema nikiwa nimenuna, asubuhi nikajua la kufanya.

Upande wa kushoto niliziweka chupa kumi na mbili kwa mstari wa wima, kila moja na rangi yake ya wino. Kulia niliziweka kokteli walizozipenda. Kisha nikavuta uzi kutoka kila chupa hadi kila kokteli inayoihitaji. Nyuzi zilipokamilika, karatasi ikaanza kusema mambo ambayo hata Bwana hakuyajua. Jini ilikuwa na nyuzi kama mama mwenye watoto wengi. Chupa moja kubwa ya kijani, zawadi ya shangazi yake, ilikuwa na uzi mmoja tu, kwenda kwenye kinywaji ambacho hakuna aliyekitaka. Na kile kichupa cha machungu, kidogo kuliko vyote, kilishika karibu nusu ya kokteli zote. Kikikosekana hicho, nusu ya karatasi inakufa. Ndicho kilichokuwa kimemwaibisha Bwana, na hakuna aliyekuwa amekihesabu kuwa chupa.

Chini yake nikaweka karatasi ya miraba kama ile ya mvua. Kila chupa ilipata mstari unaoshuka juma kwa juma, na mstari mwekundu ukakata katikati: wino wa chupa ukigusa wekundu, barua ya kuagiza iandikwe. Miezi ya masika niliupandisha mstari mwekundu juu zaidi, kwa sababu ya lori kukwama. Bwana alinishika mkono. Mzee Mwinjuma mwenyewe aliitazama kazi ile akasema haina aibu, na kwake hiyo ilikuwa sifa ya kutosha miaka miwili.

Kisha akauliza, "Vipande vya ubavuni umevipataje?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Bwana alisema chupa hutoa vipimo kumi na sita vya kikombe kidogo cha bati wanachokiita toti, kwa hiyo ubavuni mwa mchoro niliweka vipande kumi na sita, na kila Jumapili asubuhi nilisimamisha rula kando ya chupa nikasoma urefu wa kinywaji kilichobaki.

"Chukua chupa tupu," fundi alikuwa ameniambia tangu mwanzo. "Mimina maji toti kwa toti, kila toti tia alama. Ufanye kwa kila umbo la chupa. Usikisie."

Sikufanya. Chupa tupu bado ina harufu na unyevu chini. Nitaishika, itanigusa kanzu, nitalazimika kujitoharisha na kubadili nguo kabla ya sala, na Mwanahawa atanusa. Hivyo nilijiambia. Ukweli ni kwamba vilevile nilikuwa mvivu, na dini ilinifaa siku ile kuliko siku nyingine. Nilichukua urefu wa kinywaji katika chupa mpya, kutoka shingoni mpaka kitakoni, nikaugawa sehemu kumi na sita zilizo sawa. Si ndivyo ilivyo mvua?

"Nimepima," nikamjibu Mzee Mwinjuma.

"Kwa maji?"

"Kwa maji."

Kwa miezi mitatu mchoro ulikuwa fahari ya boma. Bwana naye akaanza kuandika katika daftari kila toti iliyomiminwa, ili ailinganishe na mistari. Alikuwa mtu wa kulinganisha.

Jumatatu moja niliitwa ofisini. Mzee Shomari alikuwa amesimama mbele ya meza, kanzu imepigwa pasi, mikono nyuma. Karani mkuu alikuwapo, na matarishi wawili mlangoni. Karatasi yangu ilikuwa imetundikwa ukutani.

"Athumani, soma mstari wa wiski," Bwana akasema. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, cha mtihani.

Nikasoma. Kila chupa mpya ilipofunguliwa, mstari uliporomoka: daftari linasema toti mbili, mchoro unaonyesha nne. Chupa ikifika katikati mambo yanageuka: daftari toti tatu, mchoro mbili.

"Kwanza anakunywa," Bwana akasema polepole, kama mwalimu anayeeleza hesabu. "Kisha anaogopa, anajazia maji. Shomari, umekunywa?"

"Sikunywa, Bwana."

"Basi mchoro ni wa uongo?"

Mzee Shomari akanigeukia. Hakunitazama kwa ukali. Alinitazama kama mtu anayemngoja mwenzake ashike upande wa pili wa mzigo. "Aliyechora ni huyu mwenetu," akasema. "Yeye ndiye ajuaye."

"Athumani, vipimo vyako ni sahihi?"

Sikujua kosa liko wapi. Naapa sikujua. Lakini nilijua sikupima, na nilijua kuwa nikisema hivyo, Mzee Mwinjuma atasikia kabla ya saa sita.

"Ni sahihi, Bwana," nikasema.

Karani mkuu, ambaye hakuwa mtu mbaya, akajaribu kuokoa. "Bwana, huyu ni msomaji wetu wa maulidi. Uletwe msahafu aape, yaishe."

"Vema. Ulete."

"Usiletwe," Mzee Shomari akasema.

"Utakataa kuapa?"

"Nakataa. Kitabu cha Mungu sitakiwekea mkono kwa ajili ya chupa. Nimesema sikunywa. Ikiwa neno hilo halitoshi, niruhusuni niende zangu."

Akaufungua mshipi mwekundu, akaukunja mara nne, akauweka juu ya meza. Matarishi wakampisha mlangoni. Walikuwa wazee wa mji kama yeye, na hakuna hata mmoja aliyempa mkono.

Habari ilifika Dunda kabla yake. Kwamba amefukuzwa kwa wizi, watu wangesamehe. Nani hajachukua sukari ya mzungu? Lakini kwamba alikunywa, na kwamba alipoletewa msahafu aliukataa, hilo halikuwa na mlango wa kutokea. Ijumaa ile mahali pake safu ya mbele pakakaliwa. Alisimama nyuma, karibu na viatu. Mfungo Sita ulipofika, maulidi yalisomwa na mtu mwingine mwenye sauti ya chura, na watu wakaendelea kutafuna halua.

Mimi nilikwenda, nikakaa, nikala. Matarishi walikuwa wamesimulia habari ya msahafu, mchoraji hawakumtaja, na msikitini hakuna aliyejua kuwa ile karatasi ilikuwa yangu. Mimi nilikuwa mtu wa mvua.

Kosa nililiona jikoni kwangu. Mwanahawa alikuwa amepika mafuta ya nazi, na kama wanawake wote wa hapa alikuwa akiyatia katika chupa tupu za mabwana, zinazouzwa sokoni zimeoshwa kwa majivu. Ilikuwa chupa ya wiski, ile ile, yenye shingo ndefu. Ilikuwa imekaa jikoni kwangu miaka, nami nilikuwa nikipaka mafuta yake nyweleni. Akamimina kikombe cha kwanza kwa faneli: mafuta yakapanda kidole kimoja. Cha pili, kidole kimoja. Tumbo likajaa, yakaingia shingoni, na kikombe kile kile kikapandisha vidole vitatu.

"Baba Rukia, mbona umetoa macho? Hujapata kuona mafuta?"

"Mimina tena," nikasema.

"Nimwage chini? Imejaa."

Nikakaa juu ya kibao cha mbuzi. Shingo ni nyembamba, tumbo ni pana. Toti mbili za shingoni huteremsha mstari kama nne. Toti tatu za tumboni huteremsha kama mbili. Mtoto wa madrasa angeligundua. Jini, ambayo chupa yake ina mabega mapana na shingo fupi, mstari wake haukuwa na matata makubwa. Ndiyo maana Bwana alidhani mwizi anapenda wiski. Hapakuwa na mwizi. Palikuwa na shingo.

Siku ya pili nilimwambia Mzee Mwinjuma kila kitu. Hakutukana, hata kwa Kijerumani. Alinipa karatasi mpya, akaniletea maji kwa mkono wake, akasimama juu yangu nikipima toti kwa toti mpaka nikamaliza. Vipande vya ubavuni havikuwa sawa tena: vya shingoni virefu, vya tumboni vimebanana. Nikaihamisha mistari yote ya miezi ile. Ikalingana na daftari la Bwana toti kwa toti.

Nikampelekea. Bwana aliitazama muda mrefu, akaelewa haraka kuliko nilivyoelewa mimi.

"Mzuri sana," akasema. "Huu ni bora. Utundike huu."

"Na Mzee Shomari, Bwana?"

Akaweka kalamu chini. "Nimepata mtu mwingine. Na Shomari alikataa kuapa, Athumani. Ulikuwapo."

Miezi michache baadaye alihamishwa. Aliyekuja baada yake alikunywa chai tu, akaagiza ile karatasi igeuzwe nyuma ichorewe mvua.

Mzee Shomari alikuwa amekwisha kuondoka mjini, kwenda Miono kwa ndugu za mkewe, kulima muhogo. Ilinichukua muda kuifunga safari. Nilipanda lori la pamba, nikateremka nikatembea, nikaiona kwa mara ya kwanza Miono ambayo mvua yake nilikuwa nikiijua kwa inchi. Mwanawe mkubwa, Mohamedi, alinipokea mzigo. "Karibu, Ami Athumani," akasema. "Baba yuko shambani, anakuja."

Mzee Shomari alikuja na jembe. Alikuwa amekonda. Nikamwamkia, akaitikia, akaketi. Nikatoa nakala mbili nilizozichora upya, ya mchoro wa zamani na ya ule mpya, nikazitandaza juu ya mkeka, nikamweleza shingo na tumbo. Alifuata kila mstari kwa kidole. Nilipomaliza, Mohamedi alikuwa ameinama juu ya karatasi, macho yamemtoka.

"Kwa hiyo baba hakunywa!" akasema.

Sijapata kuona uso kama ule wa mzee siku ile, alipomtazama mwanawe. Kumbe hata nyumbani mwake palikuwa na shaka. Kisha akanigeukia.

"Umetoka Bagamoyo kuja kuniambia mimi? Athumani, katika watu wote, mimi ndiye niliyekuwa najua kuwa sikunywa."

Nikaanza kuzikunja zile karatasi.

"Kawaambie wale. Ijumaa, wakiwapo wote. Dakika mbili tu."

"Nitawaambia, mzee wangu."

"Sema inshallah."

"Inshallah," nikasema.

Ijumaa ya kwanza kulikuwa na mvua, watu wachache, nikaona ni hasara kulisema mbele ya watu wachache. Ya pili walikuwa wengi mno. Ya tatu binti yangu Rukia alikuwa anachumbiwa, na wakwe walikuwa safu ya mbele; ningesimamaje kusema kwamba miezi yote ile mvua ilikuwa pombe? Baada ya hapo sikuhitaji tena sababu. Mwaka ukapita, ukafuatiwa na mwingine. Mzee Mwinjuma aliniuliza mara moja tu, "Umekwenda kusema?" Nikamjibu, "Nitasema." Akaendelea kunoa penseli. Aliugua mwaka ule ule akafa, na hakuniuliza tena.

Kisha Mohamedi akaleta maiti ya baba yake mjini, azikwe kwa wazazi wake kama alivyousia. Ilikuwa baada ya adhuhuri. Watu walikuja, maana mazishi hayasusiwi, lakini walikuja wachache na kwa miguu mizito. Tukamsalia. Imamu akatugeukia akauliza, kama desturi yetu ilivyo, "Jamaa, mwamjuaje marehemu?"

Jibu la swali hilo mnalijua. Hutoka pale pale, kwa vinywa vyote: mtu mwema. Siku ile lilichelewa. Mtu mmoja alikohoa. Mwingine akaanza akaishia njiani. Nilimwona Mohamedi akitazama chini kwenye mkeka, na masikio yake yakibadilika rangi.

"Hakunywa," nikasema.

Wote wakageuka. Sauti yangu haikuwa nzuri. Ilitoka kama mlango usiotiwa mafuta. Nikaendelea. Nikasema mchoro ulikuwa wangu, si wa mvua, ni wa pombe. Nikasema niliambiwa nipime kwa maji sikupima, niliulizwa na fundi nikasema nimepima, niliulizwa na Bwana nikasema ni sahihi. Nikasema nililijua kosa tangu miaka mitano iliyopita, na nilimwahidi marehemu kuja kulisema hapa hapa.

Imamu, taratibu, akauliza mara ya pili. Safari hii walijibu kwa sauti moja, mtu mwema, mtu mwema, mpaka wapita njia wakasimama nje kutazama. Mzee mmoja, wa wale wa safu ya mbele, alikuwa akilia waziwazi.

Jeneza likainuliwa. Kwetu watu hupokezana: unatia bega hatua chache, unampisha mwenzako, na hakuna anayenyimwa, kwa kuwa thawabu si ya mtu mmoja. Nikasogea mbele, nikamgusa Mohamedi begani aniachie nafasi.

"Niache, Bwana Athumani," akasema bila kugeuka.

Akahamisha mti wa jeneza kutoka bega la kulia kwenda la kushoto, akaendelea nao. Nikazunguka upande wa pili. Huko nako mabega yalikuwa yamebanana, na hakuna aliyenipisha. Nikabaki nyuma ya wote, nikatembea hivyo mpaka makaburini.